Mnyaa, Maziwa na Jicho la Mzee M'Ikiara

Mmea ulionipa kazi nyingi kuliko yote hauna majani. Ni vijiti vya kijani tu, vyembamba kama penseli, vilivyosongamana kana kwamba vinateta. Kiswahili huuita mnyaa. Huku mlimani wengi husema kariaria. Ng'ombe hauli, mbuzi huupita akitazama pembeni, na kijiti chake ukikichomeka ardhini kinaota hata kama hukukusudia. Ndiyo maana kutoka Embu hadi Meru watu wamezungushia boma zao mnyaa. Ukiukata, unatoa utomvu mweupe mzito kama maziwa. Utomvu huo ukiingia jichoni, mwenye jicho anakuja kwetu akiwa ameshikwa mkono.

Siku mliyoniaga, wadogo zangu wa kliniki ya macho, mliniomba niandike machache ya miaka yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vikiwa vimechelewa, na mshahara mnaujua kwa sababu ndio mnaopata. Nitawaandikia habari ya mnyaa, kwa kuwa nyinyi mtaendelea kuishi nao.

Nilianzia kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Kianjokoma, nikiwa muuguzi mwenye viatu vipya na kalamu tatu mfukoni. Kliniki ya macho ilikuwa chumba kimoja kilichopakana na jiko la chai, na mkuu wake alikuwa Bwana Nyaga, Mwembu mrefu, mkimya, aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi ya kwanza aliingia mama aliyekuwa akipogoa ua wake wa mnyaa, macho yote mawili yamefumba, anatokwa na machozi hadi kifuani. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikamkalisha, nikafungua kalamu, nikamuuliza jina, umri, kijiji na dini.

Bwana Nyaga alininyang'anya kalamu.

"Jina halipofuki," alisema. "Mwoshe."

Akaenda kule jikoni akarudi na birika, akamimina maji ya kuchemshwa yaliyopoa juu ya jicho la yule mama, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje, huku akimwambia atazame juu, chini, kando. Alimimina hadi birika likaisha, akaniambia nijaze jingine. Maji yalifika kwenye viatu vyangu vipya. Nilipouliza ni kiasi gani kinatosha, alijibu, "Ukichoka, ongeza."

Sijapata kufundishwa somo fupi zaidi. Baadaye tulipata chupa za maji ya chumvi na mirija ya dripu, na hivyo ndivyo vifaa mlivyovikuta. Ni vizuri kuliko birika, isipokuwa huwezi kupikia chai.

Bwana Nyaga ndiye pia aliyenizoeza kutowacheka watu kwa dawa zao. Utomvu wa mnyaa hutumiwa huku kwa mambo mengi. Kuna wanaotia tone kwenye jino bovu. Kuna wanaopaka palipoumwa na nge. Kuna waliokunywa ili kusafisha tumbo, na hao walisafika kuliko walivyopanga. Zaidi ya yote, watu huutumia kuchomea chunjua, vile vinyama vinavyoota mkononi au usoni, na mara nyingine chunjua huanguka kweli. Hapo ndipo shida ilipo. Dawa isiyofanya kazi kabisa watu huiacha. Inayofanya kazi mara nyingine huwa na mashahidi kila kanisa.

Mnyaa una dawa yake pia, kwa imani ya wengi: maziwa ya mama anayenyonyesha, yanayokamuliwa moja kwa moja jichoni. Na maji, kwa imani hiyohiyo, ni mwiko, eti yanauamsha utomvu. Kwa hiyo wagonjwa wengi walitufikia baada ya kuzunguka kijiji kutafuta mwanamke anayenyonyesha, jicho likiwa linaungua njia nzima, wakiwa wamevuka mito miwili yenye maji safi.

Nilihamishwa mara kadhaa, na miaka yangu ya mwisho niliitumikia upande wa Kiirua, kwenye viazi na upepo. Hapo ndipo nilipompata Mzee M'Ikiara. Nimetibu macho mabaya kuliko lake. Sijatibu lililonihangaisha zaidi.

Ilikuwa Jumanne, siku ya chanjo, na benchi la nje lilijaa akina mama na watoto wao. Nikiwa ndani nilisikia sauti ya mwanamke ikitangaza kama mnadani:

"Akina mama, hamjambo? Nani hapa ana maziwa?"

Benchi zima likageuka. Swali lenyewe, mbele ya watoto wote wale, lilikuwa kama kuuliza sokoni nani ana viazi.

Nilitoka. Mwanamke huyo alikuwa Mama Mwenda, mke wa Mzee M'Ikiara, mnene, mchangamfu, kitambaa cha kanisa kichwani. Alikuwa ameshika ncha moja ya bakora. Ncha nyingine ilishikwa na mzee mwenyewe, koti limefungwa vifungo vyote, shuka imefunika uso. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na alisimama mbele ya wale wanawake kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi akiwa bila suruali.

"Ni mnyaa, Daktari," alisema Mama Mwenda. Huku kila mwenye koti jeupe ni daktari, nami niliacha kubishana zamani. "Alikuwa anachoma chunjua."

"Chunjua iko wapi?"

"Kwa kope."

Nikamtazama mzee. "Mzee, ulijitia mnyaa kwenye kope?"

"Kwa njiti ya kiberiti," alisema chini ya shuka. "Kwa uangalifu."

"Jumamosi tunaenda kumwombea kijana wetu msichana," akaeleza mkewe. "Yeye ndiye msemaji. Nikamwambia, Baba Mwenda, wale watu wataangalia hiyo chunjua badala ya kusikiza maneno. Sikumwambia aitoe na jicho!"

"Ni jicho gani?"

Hapo Mama Mwenda aliacha kuchangamka. "La kulia, Daktari. Hilo lingine lilikufa akiwa mtoto."

Wadogo zangu, mnajua maana yake. Hakuwa na la akiba. Nilimshika mkono kumwingiza ndani, akajivuta.

"Maji sitaki."

"Anataka maziwa," alisema mkewe. "Na pale nyumbani yapo! Kananu, mke wa Mwenda, ananyonyesha. Nikasema nimwite, huyu akasema heri apofuke."

"Ni mke wa mwanangu," alisema mzee. "Hata mkono hatupeani. Nitie maziwa yake usoni, kisha nimwambie nini akiniletea chai?"

Benchi lilikubaliana naye, na nadhani hata Bwana Nyaga angekubaliana. Mkwe ni mkwe. Lakini kila dakika utomvu ulikuwa unamla. Nikakumbuka niko Kiirua.

"Mzee, wewe unalima nini?"

"Viazi."

"Ukikuta shamba limejaa magugu, unapanda viazi juu yake?"

Alifikiri. Hata akiwa na maumivu yale, swali la viazi lilistahili kufikiriwa. "Hapana. Unapalilia kwanza."

"Basi wacha nipalilie. Mama Mwenda atatafuta mbegu huko nje."

Akaingia. Nilimlaza, nikatundika chupa ya maji ya chumvi, nikamtia dawa ya ganzi, nikafungua mrija. Aliita jina la Mungu kwa Kimeru kwa sauti ambayo mtoto mmoja nje aliijibu kwa kilio. Nilipindua kope, nikapangusa utomvu ulioganda kwa pamba yenye maji, maana utomvu wa mnyaa hunata kama gundi na maji peke yake hayaung'oi. Chupa ya kwanza ikaisha, nikatundika ya pili.

Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia yote ya nje. Akina mama walikuwa wamegeuka baraza.

"Mwenye maziwa lazima awe na mtoto wa kiume," alisema mmoja.

"Kwani jicho linajua?" akauliza mwingine, na benchi likacheka.

"Wacheni mchezo," alisema Mama Mwenda. "Wewe msichana wa sweta nyekundu, umeolewa kwa nani?"

"Kwa M'Mugambi."

"Haiwezekani. Huko shangazi yake ndiko alikoolewa. Na wewe?"

"Mimi nimezaliwa karibu na kinu."

"Kwa kina nani wa karibu na kinu?" Ikatajwa familia. "Aii! Hao ni wajomba zake. Hapana."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Mzee aliyekimbia maziwa ya mkwe mmoja alikuwa na undugu na karibu benchi zima. Ndani, chini ya mrija, aliinua kidole kila jina lilipotajwa, akinisahihishia mkewe: "Si shangazi. Ni binamu ya shangazi. Lakini hapana."

Mwishowe ikasikika sauti mpya, ya upole. "Mimi si wa huku, Mama. Nimeolewa hapa juzijuzi, mwenyeji wa Laare."

"Laare!" Mama Mwenda alifurahi kama aliyepata mvua. "Laare ni mbali. Huko bado hatuna mtu. Kamua, mwanangu, Mungu akubariki."

Aliingia msichana aliyeitwa Nkatha, mtoto mgongoni, kikombe kidogo cha dawa mkononi, maziwa yamefika nusu. Mama Mwenda alikuja nyuma yake. Nilikuwa kwenye chupa ya tatu, na jicho lilikuwa limeanza kufunguka kidogo, jekundu kama nyanya.

Mzee M'Ikiara alikuwa mtu wa adabu. Akiwa chali, shingo imelowa, alitaka kumjua anayemshukuru.

"Msichana wangu, asante. Wewe ni wa kwa nani huko Laare?"

"Wa kwa Mzee Baariu, pale nyuma ya soko."

Nilimwona Mama Mwenda akikalia pipa la takataka, ambalo halikuundwa kwa kazi hiyo.

"Baariu yupi?" aliuliza mzee polepole. "Yule mwenye binti anaitwa Kendi?"

"Kendi ni mdogo wangu." Kisha Nkatha naye akaelewa. "Haiya! Kwani nyinyi ndio wale wageni wa Jumamosi?"

Mzee akajaribu kuinuka ili amsalimu mkwe mtarajiwa kama inavyopasa. Nikamsukuma kipaji cha uso akarudi chini, mrija ukamwagia sikioni.

"Tulia, Mzee."

Alitulia. Maji yalikuwa yakitiririka, na yeye alikuwa akipiga hesabu ya undugu.

"Nikitiwa maziwa ya huyu," alisema, "huyu ni mama yangu. Dada yake naye ni mama yangu mdogo. Basi kijana wetu Mutwiri anaenda kuoa nyanya yake."

"Baba Mwenda, ni tone tu!" alisema mkewe.

"Hata mimba ni tone."

Nje ya dirisha, ambapo sasa benchi lote lilikuwa limehamia, kicheko kilipasuka. Mzee hakucheka. Mimi sijui mila yoyote ya Wameru inayosema maziwa ya jichoni humfanya mtu mwana, na nimeuliza. Lakini yeye alikuwa ameshalikata shauri hilo, naye kanisani ndiye aliyeamua mashauri.

"Mutwiri na huyo msichana wamengojana tangu wakiwa chuo," alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Mimi nimeona. Nimeona shamba likitoa, nimeona watoto wakikua, nimemwona mama yao akiwa bado na kiuno. Inatosha. Mwaga hayo maziwa."

"Akiwa bado na kiuno?" alisema Mama Mwenda kutoka kwenye pipa.

"Mzee," nikasema, "nisikilize vizuri. Maziwa hayaponyi mnyaa. Kazi kubwa imefanywa na haya maji. Hukosi kitu."

Akaupapasa mkono wangu, akaupiga kofi jepesi la huruma. "Asante, Daktari. Usinifariji."

Nkatha alikitazama kile kikombe, akamgeuza mtoto kifuani, akamnywesha. Hakikumwagwa hata tone.

Kwa hiyo, wadogo zangu, nilikuwa na mtu kitandani aliyeamini ametoa jicho lake la pekee kwa ajili ya ndoa ya mwanawe. Maziwa yale hayangemsaidia, nami nilijua. Lakini jicho lilikuwa hatarini kweli, na hilo nalo nililijua. Nilitia ile rangi ya chungwa inayofichua vidonda vya jicho, nikawasha kurunzi ya buluu, na kidonda kikang'aa kijani juu ya kioo cha jicho, kikubwa. Kidonda kama hicho kikiingiwa na wadudu, jicho linakwenda. Nikamtia mafuta ya kuua wadudu na matone ya kupanua mboni ili kupunguza maumivu. Aliuliza matone yametoka wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba dawa hiyo asili yake ni mimea yenye sumu.

"Kumbe," alisema. "Na wewe unanitia kichaka."

"Kimepimwa, Mzee."

"Hata mimi nilipima. Kwa kiberiti."

Nilimfunika kwa pamba, nikamwonya kwamba kesho maumivu yatazidi kabla ya kupungua. Mnyaa ndivyo ulivyo, na msiposema mapema, mgonjwa hukimbilia kwa mwingine. Jumatano yalizidi. Mama Mwenda alinieleza kwamba mzee alikuwa ameomba aongozwe zizini, akamgusa kila ng'ombe pua, akiwaaga. Kisha akaanza kumwelekeza mkewe alikoficha jembe jipya, ambalo mkewe alikuwa akilitumia tangu mwaka uliopita.

Alhamisi kidonda hakikuwa kimepungua hata kidogo, nami sikula chakula cha mchana. Niliandaa safari ya kumpeleka hospitali kubwa. Ijumaa, chini ya ile taa ya buluu, niliona kingo za kidonda zimeanza kusogea ndani, kama ukungu unavyojitoa bondeni. Kioo kilikuwa safi, bila usaha. Nilitazama mara mbili, nikamwambia.

"Unanifariji tena," alisema.

Jumamosi nilimkataza kusafiri, naye akakataa kukatazika. Tulielewana kwamba angekwenda na pamba yake jichoni, mkewe akiwa na dawa mkobani na saa mkononi. Waliyonisimulia Jumatatu nimeyasikia kwa pande mbili, na yanakaribiana. Msafara uliteremka Laare ukiwa na kitita cha miraa cha heshima, kupelekea majani ya kutafuna watu wanaoishi katikati ya mashamba yake, lakini mila haiulizi. Msemaji aliongozwa kwa bakora. Aliposimama kueleza kwa nini hawezi kuwaona wenyeji wake, Mzee Baariu alimkatiza.

"Keti, mkwe. Nkatha ametwambia. Mtu aliyekataa dawa ya jicho lake ili asituharibie undugu, sisi tumnyime nini?"

Kisha, kwa kuwa walikuwa wazee na shauri lilikuwa tamu, walilijadili. Bibi mmoja wa Laare, mkubwa kuliko wote, ndiye aliyeamua: maziwa huleta undugu yakipita mdomoni. Jicho si mdomo. Mzee angeweza kuoshwa kwa ndoo nzima na harusi ingekuwa palepale.

"Wangeniambia Jumanne," alisema Mzee M'Ikiara, akiwa kwenye kiti changu, bado amefunikwa. Alikuwa amekasirika kidogo, kama mtu aliyetoa sadaka kisha akaambiwa haikuwa siku ya sadaka.

Nikafunga pazia. Mama Mwenda alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya mabega ya mumewe. Nilibandua pamba. Na pamba ikatoka na kitu kidogo cheusi, kikavu kama punje ya pilipili manga. Ilikuwa chunjua. Ilikuwa imeanguka yenyewe, na kope ilikuwa laini. Nilitamani kuificha, maana nilijua ingetajwa kanisani, na nilikuwa sahihi; ndani ya mwezi huo nilipata wagonjwa wengine wa njiti ya kiberiti. Mkiulizwa, semeni wazi: chunjua ya usoni ni ya kuletwa kliniki. Na mnyaa ukiruka jichoni, maji yoyote safi yaliyo karibu, papo hapo, mengi, kisha mje.

Nikatia rangi, nikawasha taa ya buluu. Kioo kilikuwa cheusi tulivu. Kijani hakikuwepo mahali popote.

"Fungua, Mzee. Polepole."

Alifungua. Mboni ilikuwa bado pana kwa sababu ya dawa, kwa hiyo vya karibu vilikuwa na ukungu, lakini vya mbali alivishika. Nikamwonyesha ubao wa alama ukutani, akafuata kwa kidole, mstari kwa mstari, bila kukosea, hadi ule ambao mimi mwenyewe nahitaji miwani kuusoma. Alikaa tu, akitazama: ukuta, sinki, pazia, mikono yake.

"Anaona?" Mama Mwenda aliuliza. "Daktari, anaona kweli?"

Mzee akageuka kwenye kiti. Mama Mwenda akarudi nyuma hadi mlangoni ili aonekane vizuri, akajipangusa machozi, akanyoosha nguo. Alimtazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu, bila haraka, na jicho lenyewe likalowa.

"Mama Mwenda," alisema. "Hii gauni ndiyo ulivaa Jumamosi mbele ya wakwe?"

"Daktari," alisema Mama Mwenda, "rudisha hiyo pamba."